Kule juu: miezi kumi na moja ya kulipia kiti katika ofisi ya pamoja katikati ya Lubumbashi

Siku moja, kabla mvua za mwaka jana hazijaisha, niliijibu mashine salamu. Nilikuwa chumbani, kaske masikioni, naandika mahojiano yaliyorekodiwa Likasi. Mwulizaji akasema, "Yambo mama, habari ya siku mingi?" Nami kwa sauti, kabla ya kufikiri: "Muzuri tu baba, na wewe?" Halafu nikamsikia yule mama wa Likasi akijibu kwa nafasi yake, taratibu, na mimi nimebaki na jibu langu hewani. Mtoto wa dada alikuwa mlangoni. Aliniangalia, akaondoka bila kusema kitu, na jioni nikasikia wanacheka jikoni.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Watu walioko Ulaya wananitumia sauti, ninazigeuza maandishi: kwanza Kiswahili kama kilivyosemwa, kisha Kifaransa. Mara nyingine ni video ya kuwekewa maandishi chini. Kutwa nzima nasikiliza watu. Kuna mzee mmoja wa Kipushi ambaye kila akitaka kupindisha jambo anakohoa kwanza, mara mbili, kikohozi cha pili kidogo kuliko cha kwanza. Namjua kwa kikohozi tu. Yeye hajui hata kama nipo duniani.

Na nyumbani watu hawakosekani. Tuko tisa katika parseli moja huko Kampemba, ukihesabu na watoto wa marehemu dada. Ila mtu anayefanya kazi chumbani, kwa macho ya watu wa nyumba, ni mtu aliyekaa, na aliyekaa hutumwa. "Wewe uko tu unakaa, kimbia basi utafute makala." (Makala kwetu ni mkaa.) "Fungua mlango, kuna mtu wa maji." Mama mkubwa alikuja kutoka Kolwezi, akakaa wiki mbili, na siku ya kuondoka akaniwekea mkono kichwani akaniombea nipate kazi. Mama, kazi ninayo! Ndiyo iliyonunua huo mfuko wa unga uliokula! Lakini utamweleza nani kwamba leo umepigana na sentensi moja tangu asubuhi hadi midi, saa sita ya mchana, ukaishinda? Nilijaribu mara moja wakati wa chakula. Wote wakanyamaza kwa heshima, kisha mtu akauliza chumvi iko wapi.

Nikaanza kutafuta pa kukaa. Hoteli za mjini: soda moja unainywa kwa muda wa saa tatu, na mhudumu anapita akiipima kwa macho. Kwa rafiki mwenye duka la nguo: wateja wake walikuwa wananiuliza bei. Ndipo nikaambiwa habari ya kule juu, chumba cha kazi cha pamoja ambako mtu anakodi kiti na meza.

Baba nilipomweleza kwamba nataka kulipa dola 60 kila mwezi ili nikafanyie kazi kati ya watu, aliweka kikombe chini. "Unalipa ili ufanye kazi? Sisi walikuwa wanatulipa sisi."

Jina la mahali sitaliandika. Kuna mabaya nitayasema, na mwenye nyumba ni mtu mwema ambaye kesho nitakutana naye kwenye ngazi. Sisi tunaokaa pale wenyewe hatulitumii jina lile la kwenye kibao. Tunasema tu "naenda kule juu". Ni orofa ya kwanza, hatua chache kutoka Place de la Poste, juu ya vijana wanaobadilisha vioo vya simu. Ngazi ni 23, nyembamba, na kama unabeba kompyuta na mwamvuli mkononi, atakayekuwa anashuka itabidi arudi juu akupishe.

Unachopata kwa dola 60 kwa mwezi, au dola 4 kwa siku: kiti, nafasi ya meza, umeme, intaneti, maji ya kunywa na kikombe cha chai asubuhi kama umefika mapema. Risiti inaandikwa kwa mkono. Viti ni 14. Kumi ni vya ofisi na vinne ni vya plastiki, vile vya kwenye matanga, kwa hiyo anayechelewa anajijua. Intaneti ni nzuri, bila mchezo. Sahani nyeupe iliwekwa juu ya paa baada ya Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti, kupata ruhusa ya serikali mwezi wa tano 2025, na faili la sauti ambalo nyumbani lingenimalizia mega, yaani data, za siku tatu, hapa linaondoka kabla sijafungua chupa yangu ya maji. Choo ni safi hadi midi. Baada ya midi ni pipa na kopo, na mwisho wa pipa mtu wa mwisho anajua mwenyewe.

Kuna pia kibanda cha kupigia simu, kabati lililozungushiwa sponji. Mwezi wa kumi, joto likipanda, ukikaa mle dakika tano unatoka umeiva.

Meza yangu iko dirishani. Kutoka pale naiona shemine, bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya serikali ya madini, na ule mlima wake mweusi wa mabaki ya madini, na kama nimepata mahojiano magumu naviangalia hadi nichoke. Baba alifanya kazi miaka 22 chini ya shemine ile, kwenye fonderi, panapoyeyushwa madini. Nitarudi kwake.

Mwenye nyumba alisomea biashara na anapenda kueleza kwamba jambo hili lina historia. Siku niliyolipa mara ya kwanza alinisimulia habari za Brad Neuberg, yule fundi wa programu wa San Francisco aliyefungua meza za pamoja mwaka 2005 kwa sababu alitaka uhuru wa kujiajiri lakini hakutaka kukaa peke yake, na mwezi wa kwanza hakuja mtu hata mmoja. "Mimi mwezi wa kwanza nilipata watatu," akasema, akinyoosha vidole. Hakunisimulia habari za WeWork, ile kampuni iliyoanza New York mwaka 2010, mwanzoni mwa 2019 ikasemwa ina thamani ya dola bilioni 47, na mwezi wa kumi na moja 2023 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya muflisi. Hiyo niliisoma mwenyewe. Labda haifai kumsimulia mteja anayehesabu noti.

Basi, watu. Niliyelipia hasa ni watu. Umeme ningeweza kuufuata kwa rafiki.

Miezi mitatu ya kwanza sikuwapata. Unaingia, unasema yambo, unajibiwa yambo, kila mtu anavaa kaske yake, na hiyo ndiyo sauti ya mwisho ya binadamu hadi jioni. Kwa dola 60 nilikuwa nimehamisha chumba changu cha Kampemba nikakileta mjini. Tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyenituma makala, na kuna siku, naona haya kusema, niliyakumbuka yale makala.

Aliyekuwa anavunja kimya ni mmoja tu. Mimi namwita Papa Kasumbalesa, kwa jina la mji wa mpakani. Ni wakala wa forodha, anashughulikia karatasi za malori yanayovuka kwenda Zambia, na kibanda cha sponji amekikataa kabisa, anasema yeye si nguo za kutundika. Anapiga simu wima, katikati ya chumba. "Lori iko wapi? Nasema iko WAPI? Huyo dereva alilala?" Mteja wake wa Kinshasa anasahau kila siku ya Mungu kwamba Lubumbashi tuko saa moja mbele yao, kwa hiyo yule bwana akianza kazi Papa amekwisha kukasirika zamani. Wageni walikuwa wanamshtaki kwa mwenye nyumba. Mimi nilikuwa naandika namba za malori yake pembeni ya daftari bila kutaka, na moja lilipokwama mpakani siku nne nilijikuta nalala nikilifikiria.

Pembeni yake anakaa kijana mmoja, fundi wa programu, anayefanyia kazi kampuni ya Brussels. Upande wa ukuta kuna dada mshonaji anayeuza nguo kwa simu na huja Jumatatu na Alhamisi tu, kujibu maagizo na kupanga hesabu. Wengine wanakuja na kuondoka.

Ilikuwa mwezi wa saba. Watu wa pwani hawaniamini nikisema kwamba Lubumbashi mwezi wa saba mtu anavaa koti, lakini ndivyo: asubuhi vidole vinakataa kupiga herufi. Umeme ukakatika. Siku zile kulikuwa na jenereta uani, kongwe, na utaratibu wake ulikuwa huu: sentinele, yaani mlinzi, aitwe, sentinele aje, mafuta yatafutwe, kamba ivutwe, ikatae, ivutwe. Nusu saa, siku mbaya zaidi. Chumbani baridi, na jua lilikuwa limejaa kwenye baraza la mbele. Mmoja mmoja tukatoka, kama kondoo, tukasimama tukiota jua bila kusema kitu.

Mimi nilitoka na kero yangu. Nilikuwa nimepewa video inayoeleza ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotoka mwisho wa mwezi wa sita, habari za upweke. Ripoti inasema mtu 1 kati ya 6 duniani anaumwa na upweke, na kwamba unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka, karibu watu 100 kila saa. Sentensi ile ilinichukua robo saa kuitia Kiswahili. Piga hesabu mwenyewe, watu 25. Na sikuwa nimeimaliza vizuri, kwa sababu ripoti inatenganisha vitu viwili: kukosa watu, na ule uchungu wa kuona kwamba watu ulio nao si wale unaowahitaji. Kifaransa kina "isolement" na "solitude". Mimi nilikuwa nimeandika "upweke" kotekote.

"Unanung'unika nini, mama?" akaniuliza Papa Kasumbalesa.

Nikamweleza. Nilidhani atacheka. Akakunja mikono, akafikiri kama mtu anayekagua karatasi za lori.

"Upweke njo wa mjane," akasema. "Wa yatima. Mtu wake alikuwako, akaenda. Lakini huyu wa pili, yuko na mke, yuko na watoto, yuko na majirani, na bado? Huyo hakukosa watu. Alikosa wa kuambia."

"Hapana Papa," akasema kijana wa Brussels, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza nasikia sauti yake ikisema Kiswahili. "Ni kama simu. Mistari yote minne imejaa, mtandao uko. Lakini mega hakuna."

Dada mshonaji aliangua kicheko hadi akashika ukuta. "Na wewe yaya, dada yangu, unakaa pale dirishani kila siku na mistari minne!"

Tulibishana. Je, mtu anaweza kuwa mpweke kwenye nyumba ya watu tisa? Papa alisema haiwezekani, ni uvivu wa kuongea. Dada mshonaji akasema yeye alikuwa hivyo mwaka mzima wa kwanza wa ndoa yake. Pakawa kimya kidogo. Sentinele akaivuta kamba, jenereta ikaunguruma, na hakuna aliyeingia ndani. Tulisimama pale labda dakika kumi zaidi, mafuta ya mwenye nyumba yakiungua bure.

Mwisho wake niliandika "kutengwa" kwa neno la kwanza na "upweke" kwa la pili, kwa sababu mteja hulipia maneno ya kamusi. Lakini kwenye faili langu mwenyewe, lile lisilotumwa, nimeandika "mega hakuna".

Tangu siku ile umeme ukikatika, tunatoka. Na siku hizo ulikuwa unakatika mara mbili, mara tatu kwa siku, kwa hiyo unaweza kusema tulikuwa na ratiba. Kule barazani ndiko nilikopata mteja wangu wa pili, ndiko kijana alikofundishwa jinsi ya kumwandikia mwajiri barua ya kudai nyongeza, ndiko mechi za Mazembe, timu ya mji wetu, zilikochambuliwa upya kila Jumatatu, na mimi, nisiyejua mpira, nikajifunza kusema "mwaka 2010 tulifika fainali ya dunia" kwa ile sauti ya watu wa mpira.

Niliona pia mahali fulani takwimu za Gallup, wale wa kura za maoni, za mwaka 2024: wafanyakazi wanaofanya kazi mbali na ofisi muda wote, asilimia 25 walisema walijisikia wapweke sana siku iliyotangulia, wanaofika ofisini, 16. Nikawauliza wenzangu, sisi tuko wapi hapo? Hatuna mwajiri, hatuko nyumbani, na ofisi tunayo lakini ni ya kukodi. Papa akasema tuko barazani.

Sasa nije kwenye kinachouma.

Mwezi wa kumi, mijakaranda imechanua, barabara zote za katikati ya mji zimegeuka zambarau, mwenye nyumba akaleta sola. Paneli 12, betri kubwa mbili kama friji. Alitualika juu ya paa tukazione, akakata utepe kweli kweli, akatununulia Fanta. Nami nilipiga makofi. Nani asingepiga?

Tangu siku hiyo umeme haukatiki kule juu. Sema nini unataka, haukatiki. Mji mzima unaweza kuwa giza, sisi taa inawaka. Na hakuna aliyetoka tena barazani. Hakuna aliyeamua hivyo. Hakukuwa na sababu tu ya kuinuka. Kaske zilirudi masikioni wiki ileile. Mwenye nyumba akatia na mashine ya chai ya kujihudumia ili mtu asipoteze muda kumngoja mwenzake amimine. Akabandika karatasi ukutani ya kuomba simu zipigwe kibandani, na Papa Kasumbalesa, kwa heshima ya sola, akaanza kushukia ngazi zile 23 kila simu ikilia, akaongea na dereva wake barabarani kati ya vioo vya simu.

Niseme haki: mwezi wa kumi na moja niliingiza fedha kuliko mwezi wowote tangu nianze kazi hii. Dakika za sauti nilizoandika ni karibu mara moja na nusu ya zile za mwezi wa tisa. Mtu anayetafuta mahali pa kumaliza kazi asisome zaidi ya hapa. Apande ngazi, alipe, akae.

Mwezi wa kwanza mwaka huu nikapata malaria. Siku nne kitandani. Siku ya pili simu ikalia: ujumbe kutoka kule juu. Nikafurahi, nikaufungua haraka. "Mteja mpendwa, muda wa kiti chako unaisha tarehe 15. Asante kwa kuwa sehemu ya familia yetu." Unatumwa na mashine, najua. Siku niliyorudi, kiti changu kilikuwa na mtu mwingine, aliyelipa cha siku. Alikusanya vitu vyake kwa adabu. Wale wengine waliinua mikono, yambo. Kijana wa Brussels alidhani nilikuwa nimekwenda safari. Simlaumu, mimi mwenyewe sijui siku ambazo yeye hakuja.

Hapa ndipo ninaporudi kwa baba. Alikuwa kati ya wale zaidi ya 10,000 walioondoka Gécamines kwa hiari katika ule mpango wa mwaka 2003 uliolipiwa na Benki ya Dunia. Nilikuwa msichana. Nakumbuka kwamba miezi mingi baadaye aliendelea kuamka saa ileile, kuvaa, na kukaa chini ya muembe wetu akiwa na viatu vya kazi miguuni. Miaka mingi sikumwuliza. Nilimwuliza wakati wa malaria, nikiwa sina la kufanya. Alisema lililomtesa ni rafiki yake wa baiskeli. Kila alfajiri, miaka 15, yule bwana alikuwa anamngoja kwenye kona ya kambi, wanaendesha pamoja hadi getini. "Sikumbuki tulikuwa tunaongea nini. Lakini nikichelewa dakika tano, anakuja anagonga dirisha."

Kule juu hakuna wa kugonga dirisha. Hilo ndilo kosa lake, na sijui kama ni haki kulitia kwenye tathmini ya kiti cha dola 60.

Ila aliyegonga alikuwako, na hakuwa wa kule juu. Chini uani, nyuma ya vijana wa vioo, kuna mama mmoja mwenye mbabula mbili, majiko ya mkaa, na benchi moja. Anapika bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki tomsoni wa kukaanga, na siku za Ijumaa kikanda cha mizizi. Sahani 6,000 franka. Sombe yake ameitwanga vizuri, haina nyuzi, anatia karanga lakini si za kuficha majani. Tomsoni anamkausha hadi mkia unavunjika kama biskuti. Bukari yake ni ngumu kidogo, kama ya nyumba yenye wanaume wengi. Ukikaa kwenye benchi anakuuliza umelalaje, na anangoja jibu. Kwake mtu hali na kaske: aliwahi kumwambia kijana wa Brussels, "Masikio yanakula pia, yatoe," naye akayatoa.

Jioni ya siku ile ya pili ya homa, baada ya ule ujumbe wa familia yetu, ikaingia sauti kutoka namba nisiyoijua. Alikuwa ameazima simu ya kijana wa vioo, na namba yangu aliitoa kwa sentinele. Nimeiandika kama ninavyoandika za wateja, kwa mazoea. Sekunde 14. Kuna pikipiki inapita, na mafuta yanachemka nyuma. "Mama wa dirishani. Yambo. Sahani yako imelala jana, na leo imelala. Uko muzima? Kama ni homa unywe mayi mingi. Ni hiyo tu." Kati ya "leo imelala" na "uko muzima" kuna kimya cha sekunde mbili. Kwenye kazi yangu kimya cha sekunde mbili kinaandikwa kwenye mabano. Hicho nilikisikiliza mara nyingi.

Wiki tatu zilizopita, Jumanne karibu na midi, mvua kubwa nje, umeme ukazimika kule juu. Wote tukainua vichwa. Betri mpya, paneli 12, haiwezekani. Hakuna jenereta tena ya kungoja, kwa hiyo hatukujua tungoje nini. Tukatoka barazani tukasimama chini ya bati, mvua ikitumwagia miguu, na Papa Kasumbalesa akaanza kusimulia habari ya lori lililopotea mwaka 2019 na dereva aliyepatikana ameoa Chililabombwe, upande wa Zambia. Robo saa baadaye umeme ukarudi wenyewe. Nilikuwa wa mwisho kuingia, na nikaona Papa anatokea korido ya choo, ambako kuna swichi kubwa, akifuta mikono kwenye suruali.

Wiki iliyofuata ikatokea tena, na safari hii kijana alikuwa katikati ya mkutano na watu wa Brussels. Alikasirika sana, na alikuwa na haki. Hakuongea na mtu hadi Jumatatu. Tangu hapo Papa anapita kwanza meza kwa meza, anauliza kwa sauti ya chini, "Uko na mkutano saa hizi?" Ukisema hapana, anakwambia, "Basi jitayarishe." Mwenye nyumba amemwita fundi wa sola mara mbili. Fundi hakuona kasoro.

Nimelipa tena hadi mwisho wa mwezi wa tatu. Nyota nne kati ya tano kwa intaneti na umeme, mbili kwa ukimya, na kwa yule mama wa chini sina nyota za kutosha, ila yeye hayuko kwenye bei ya mwezi na itakubidi ushuke.

Ukija: usikae meza ya nne, mguu wake mmoja ni mfupi na kikaratasi kinatoka. Leta ralonji yako, waya wa kurefushia umeme, matundu ya umeme upande wa ukuta ni mawili tu. Jumamosi wanafunga midi. Na tomsoni wanaisha mapema kuliko unavyodhani, kwa hiyo ukifika asubuhi pitia uani kwanza kabla ya kupanda, umwambie mama unaitwa nani na unakula nini.